Tremi ndogo ndani ya waya: namna bafa inavyolinda habari za kazi

Ukurasa wa Usalama na Afya



Mara nyingi tunasema hapa juu ya kofia, viatu, ngazi na mikanda ya usalama. Leo tutasema juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, kwa sababu ni kidogo kuliko ukucha na kimefungwa ndani ya sanduku. Kazi yake ni kupokea habari zinazotoka mbali: hali ya hewa chini ya ardhi, kimo cha maji mbele ya pampu, mwendo wa feni kubwa, uzito wa mawe juu ya mkanda. Kitu hicho kinaitwa bafa. Waliojifunza kwa Kifaransa huiita tampo.

Mtu atauliza: hayo ni mambo ya mafundi, yananihusu nini mimi? Yanakuhusu sana. Baada ya kulipua baruti hubaki gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inaua. Pua yako haiwezi kukuonya. Anayekuonya ni kipimo, na kipimo kinasema kwa njia ya waya. Basi inafaa kila mmoja ajue maneno ya kipimo yanasafiri namna gani, na yanaweza kupotelea wapi.

TUANZE KWA MASHINI YA KUSAGA MAHINDI

Kila mama anayepika bukari anaijua mashini hii. Juu yake kuna sanduku lenye mdomo mpana. Mama anamwaga beseni zima mara moja, lakini mashini inameza kidogo kidogo, kwa mwendo wake. Sanduku linakaa katikati ya yule mwenye haraka na yule asiyeweza kukimbizwa.

Lakini angalieni vizuri. Sanduku likijaa, na mama wa pili akamwaga beseni lake, mahindi yanaanguka chini. Sanduku halikuiongezea mashini nguvu hata kidogo. Lilitoa nafasi ya kungoja, basi.

Kazini ni vilevile. Kamyo zinaleta mawe kutoka machimboni. Pengine zinafika mbili pamoja, pengine hakuna hata moja kwa dakika kumi. Konkaseri, mashini ya kuponda mawe, inataka mawe yafike kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo kati ya kamyo na konkaseri kuna tremi. Na mahali pengi juu ya tremi kuna taa: kijani, mwaga, nyekundu, ngoja.

Shikeni vitu hivi vitatu: tremi, konkaseri na taa. Mkivishika, mmekwisha kufahamu nusu ya habari ya leo.

HERUFI MOJA MOJA

Kipimo kilicho chini hakitumi habari zote kwa mkupuo. Kinazituma kwa mfululizo, herufi moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaotoka katika mlango mwembamba. Kila herufi au tarakimu imefanywa kwa alama ndogo nane zinazoitwa biti. Mbele yake huwekwa biti moja ya kusema «naanza», na nyuma yake biti moja ya kusema «nimemaliza». Jumla ni biti 10 kwa kila herufi.

Mwendo unaotumiwa mara nyingi ni biti 9600 kwa sekunde. Gawanya kwa 10: herufi 960 kila sekunde. Maana yake, herufi mpya inafika karibu kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuna mwendo mkali zaidi, biti 115,200 kwa sekunde. Hapo zinafika herufi 11,520 kila sekunde.

Kompyuta inayopokea habari hizo ina kazi nyingine nyingi. Inachora picha, inaandika katika kumbukumbu, inamjibu mtu anayebonyeza vidole. Haiwezi kusimama mlangoni siku nzima ikingoja herufi. Ndiyo sababu mlangoni amewekwa mlinzi, kipande kidogo kinachoitwa UART. Anapokea biti moja moja, anaziunga kuwa herufi, kisha anaiita kompyuta: «Njoo uchukue.»

Na kompyuta ikichelewa? Hapo ndipo bafa inapoonyesha faida yake.

KUTOKA NAFASI MOJA MPAKA 16

Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ilitumia mlinzi aitwaye 8250. Huyu alikuwa na nafasi ya kuweka herufi moja tu iliyokwisha kuungwa, huku nyingine ikiwa bado inaingia. Kompyuta ikikosa kuichukua ile ya kwanza kabla ya pili kumalizika, ya pili iliifuta ya kwanza. Haikurudi tena. Ni kama tremi yenye nafasi ya jiwe moja.

Baadaye akaja 16550, mwenye safu ya nafasi 16 za kupokelea na 16 za kutumia. Umbo la kwanza la mlinzi huyo lilikuwa na kasoro katika safu yake, nalo likasahihishwa kwa jina la 16550A. Sheria ya safu ni ile ya watu waungwana mbele ya bomba la maji: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kutoka. Hakuna kuruka foleni.

Safu hii ina kengele. Fundi anaweza kuiambia ilie zikiingia herufi 1, au 4, au 8, au 14. Ni fundi anayechagua, na kila chaguo lina bei yake. Tufanye hesabu kwa mwendo wa 115,200.

Kengele ikilia kwenye herufi ya 14, zimebaki nafasi mbili, na mlangoni moja inaweza kuwa inaingia. Kompyuta ina muda wa herufi tatu tu. Muda huo haufiki hata sehemu 3 za elfu 10 za sekunde. Kengele ikilia kwenye herufi ya 8, kompyuta ina muda wa herufi tisa, mara tatu ya ule wa kwanza. Lakini sasa itaamshwa mara nyingi zaidi, na kazi zake nyingine zitakatizwa. Kapita anayejua kazi hangoji tremi ifike ukingoni ndipo apige kelele. Anaita mapema, ili mwenzake apate muda wa kuja.

Kuna jambo jingine zuri. Je, zikifika herufi tatu tu, halafu kimya, zitasahauliwa kwa kuwa kengele ya 8 haikulia? Hapana. Mlinzi anangoja muda wa herufi nne. Asipoona mgeni mwingine wala mtu wa kuchukua zilizopo, anaita. Hakuna herufi inayoachwa gizani.

BAFA IKIJAA, NI KUSIMAMISHA AU KUPOTEZA

Ndugu, sasa tumefika penye hatari. Tremi yoyote, hata iwe kubwa namna gani, ikijaa kuna mambo mawili tu: ama kamyo isimame, ama mawe yamwagike. Hakuna la tatu.

Katika 16550, safu ikijaa, herufi 16 zilizo ndani zinabaki salama, lakini mpya inayofika haipati mahali na inapotea. Mlinzi anainua alama ya kosa kuonyesha kwamba kumefurika. Alama hiyo si mapambo. Inasema: kuna neno la kipimo ambalo hamkulisikia. Pengine lilikuwa neno dogo la siku ya kawaida. Pengine lilikuwa lile neno lenyewe la hatari.

Ili isifike hapo, anayetuma lazima aweze kusimamishwa. Njia zilizo za kawaida ni tatu.

Ya kwanza ni taa ya tremi yenyewe, yaani nyuzi mbili za ziada ndani ya waya, zinazoitwa RTS na CTS. Anayepokea akiona nafasi inakwisha, anaondoa ruhusa katika uzi wake. Anayetuma anaona, anangoja. Nafasi ikipatikana, ruhusa inarudi. Hakuna herufi inayotumiwa kwa kazi hiyo, na jibu ni la upesi.

Ya pili ni kwa neno. Anayepokea anarudisha herufi maalum: namba 19 maana yake «simama», namba 17 maana yake «endelea». Njia hii haihitaji nyuzi za ziada, lakini ina mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, neno «simama» linachukua muda kufika, na katika muda huo herufi zilizo njiani zinaendelea kuingia. Kamyo iliyokwisha kuinua mgongo haiwezi kurudisha mawe. Kwa hiyo taa nyekundu iwashwe wakati nafasi ingali ipo. Pili, vipimo vingine vinatuma namba tupu. Kipimo kikitaka kusema 19, yaani hesabu ya kweli ya gesi au ya joto, upande wa pili unaweza kufahamu «simama» na kunyamaza. Vyombo vya namna hiyo visitumie njia hii.

Ya tatu ni kuuliza na kujibu. Ndiyo njia ya Modbus, lugha ya mashini iliyotolewa na Modicon mwaka 1979 na ambayo ingali inatumika viwandani pote duniani. Mmoja tu ndiye mkubwa wa mazungumzo. Anauliza: «Pampu namba mbili, maji yako kimo gani?» Pampu namba mbili peke yake inajibu. Hakuna anayesema bila kuulizwa, kwa hiyo mkubwa hazidiwi na makelele. Lakini hapa bafa ya anayetuma nayo ina kazi. Katika namna moja ya Modbus, mwisho wa habari unatambuliwa kwa kimya. Anayejibu akiishiwa na herufi katikati ya habari, akanyamaza zaidi ya muda wa herufi moja na nusu, habari nzima inahesabiwa kuwa imekatika na inatupwa. Basi safu ya kutuma nayo isiachwe tupu kabla ya neno kwisha.

USIFUNGE TAA IBAKI KIJANI

Fikirini mtu aliyechoka kungoja juu ya tremi. Anachukua kipande cha waya, anafunga taa ibaki kijani siku zote. Mtasema nini juu yake? Mtasema ni adui wa ekipi nzima.

Basi jambo hilohilo linafanyika katika nyaya za habari. Mtu ana waya wa nyuzi tatu tu: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Chombo kinakataa kutuma, kwa sababu hakioni ruhusa. Naye anaunganisha RTS na CTS za chombo hicho pamoja kwenye kichwa cha waya. Sasa chombo kinajipa ruhusa chenyewe. Namba zinaonekana kwenye kioo, kila mtu anafurahi, fundi anafunga sanduku.

Waya huo utafanya kazi vizuri siku ya utulivu, maana habari ni chache na tremi haijai. Utashindwa siku ya msukosuko, wakati vipimo vyote vinasema pamoja na kompyuta ina shughuli nyingi. Yaani utashindwa siku ile unayouhitaji. Tunasema wazi: mahali ambapo chombo kimepangwa kutumia taa hiyo, kuifunga kijani ni sawa na kuondoa kizuizi cha mkanda unaozunguka. Na waya mpya usipimwe kwa habari chache tu. Upimwe kwa mzigo wote, vyombo vyote vikisema.

BAFA KUBWA INAWEZA KUFICHA UGONJWA

Wengine husema: nafasi 16 ni chache, tuweke elfu, tuweke milioni, shida itakwisha. Ni kweli kwamba kompyuta huwa na safu nyingine kubwa katika kumbukumbu yake, nyuma ya ile ndogo ya mlinzi. Zinasaidia pale habari zinapokuja kwa wingi kwa muda mfupi, kisha zikapungua. Lakini kama anayesoma ni mwepesi kuchoka kuliko anayetuma, safu kubwa haimponyi.

Tufanye hesabu. Vipimo vinatuma habari 10 kila sekunde. Kompyuta inaweza kusoma 8. Kila sekunde zinabaki 2. Baada ya dakika moja zimejipanga 120. Baada ya dakika 10 zimejipanga 1200. Kwa kuwa kompyuta inasoma 8 kwa sekunde, habari inayoingia sasa itangoja sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu, kabla ya kuonekana.

Hakuna kilichopotea. Hakuna alama ya kosa. Kioo kinaendelea kubadilisha namba, kila kitu kinaonekana kizima. Lakini mtu aliye mbele ya kioo anatazama hewa ya dakika mbili na nusu zilizopita, na wenzake chini wanavuta hewa ya sasa. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha hatari.

Jambo la namna hii lilitokea kweli, mbali na hapa, na dunia nzima ikalisikia. Tarehe 28 Machi 1979, huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island kilipata ajali. Valvu moja ilikwama wazi na maji ya kupoza yakatoka. Mwanzoni mwa ajali kengele zaidi ya 100 zililia. Kompyuta ilikuwa na kazi ya kuandika kila onyo kwenye karatasi, moja baada ya jingine, kwa mashini ya kuchapa. Maonyo yalikuja kwa wingi kuliko mashini ilivyoweza kuchapa. Yakajipanga. Tume iliyowekwa na Rais Carter ilieleza baadaye kwamba karatasi ilichelewa zaidi ya saa mbili nyuma ya mambo yenyewe, na kwamba mashini ilikwama, habari nyingine zikapotea.

Hiyo mashini ya kuchapa haikuleta ajali. Lakini watu waliotafuta kujua kinachotokea walishika karatasi inayosema mambo yaliyokwisha kupita. Kila onyo, dogo na kubwa, lilipanga foleni moja.

Ndiyo maana vyombo vya hatari vilivyofungwa vizuri havitegemei foleni peke yake. Onyo la gesi au la moto linapewa waya wake, unaokwenda moja kwa moja kwenye sireni. Na waya huo hupangwa hivi: ukikatika, sireni inalia. Kukatika kwake ni onyo, si kimya.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Tazama saa, si namba tu. Kila kipimo kwenye kioo kiwe na saa yake, ile ya pale kilipopimwa. Saa ikiwa nyuma, namba ni ya zamani. Mwambie kapita mara moja.

2. Namba isiyotikisika kwa muda mrefu si habari njema siku zote. Pengine hewa imetulia. Pengine kipimo kimesimamishwa, nacho kinangoja ruhusa isiyokuja.

3. Hesabu ya herufi zilizopotea isifutwe kimyakimya. Kwanza iandikwe katika daftari la zamu, pamoja na saa na jina la chombo. Fundi wa kesho ataihitaji.

4. Mtu asibadilishe mwendo wa waya, kengele ya safu au nyuzi za ruhusa peke yake. Kazi ya upande mmoja inagusa pande mbili. Upande mmoja ukisema kwa 9600 na mwingine ukisikiliza kwa 115,200, hakuna atakayefahamu neno.

5. Habari zikijipanga kila siku, usiombe bafa kubwa kwanza. Uliza: ni nani anasema mno, na ni nani anasoma polepole? Punguza maneno yasiyo na faida, au mpe msomaji nguvu.

6. Sireni ikilia, ondoka kama ulivyofundishwa, kisha uulize. Usirudi kwanza kutazama kioo ili kuhakikisha. Kioo kinaweza kuwa nyuma, na mapafu yako hayana bafa.

NENO KWA NYUMBANI

Wamama, mtoto wenu akiuliza kompyuta za kazini zinasemaje na mashini zilizo chini, mpelekeni kwenye mashini ya kusaga. Mwonyesheni sanduku la juu. Mwambieni: hili linampa mtu nafasi ya kungoja, lakini likijaa, lazima mmoja asimame. Halafu mwulizeni: ni nani atakayemwambia anayemwaga kwamba limejaa? Mtoto akijibu swali hilo, amefahamu bafa.

Nanyi wandugu wa zamu ya usiku, mkiingia leo, tupieni jicho saa iliyo pembeni ya kila namba. Ni kazi ya sekunde mbili. Hewa wanayoivuta wenzenu chini ni ya sasa hivi, na habari zake nazo ziwe za sasa hivi.

Kazi njema, na turudi wote nyumbani wazima.